Hatua Kumi na Moja za Ndege ya Bi Somoe

Simu ilinikuta shambani Milola, nimeshika jembe na nimejaa hasira, maana nguruwe pori walikuwa wamelala kwenye mihogo yangu kana kwamba wamealikwa. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniamkia, halafu ikauliza kama mimi ndiye Benedikti wa uwanja wa ndege wa Kilwa Masoko. Nikamjibu kwamba uwanja niliuacha zamani, siku hizi mimi ni Benedikti wa mihogo. Hakucheka. Alisema jina lake Mwanaidi, yuko Lindi mjini, na kwamba amelelewa na Bi Somoe, mjane wa marehemu Mfaume. Bi Somoe naye alikuwa ametangulia mbele ya haki. "Arobaini yake ni Alhamisi, baba," alisema. "Aliacha neno kwamba ukipatikana uitwe." Nikampa pole, nikasema nitafika, nikakata simu, nikakaa chini juu ya tuta. Nguruwe nikawasahau.

Kutoka Milola hadi Lindi mjini si safari ya kuagana na watu. Tangu nistaafu nimekwenda huko mara nyingi, kutafuta msumari, dawa ya korosho, miwani, na mara mbili nilipita mtaa wake nikijua kabisa kwamba nyumba yenye mlango wa kijani ndiyo aliyomo. Sikubisha hodi. Mara ya pili nilisimama ng'ambo ya barabara nikala muwa mzima, nikarudi stendi. Mtu mzima, mvi kichwani, namwogopa mwanamke mzee ambaye hakuwahi kunifokea hata siku moja. Nilimwogopa kwa sababu ya jambo nililomfanyia mwaka ule, jambo ambalo sikumwambia padri wala marehemu mke wangu. Nitaliandika hapa. Aliyestahili kulisikia kwanza amekwisha kuzikwa, na nimechoka kulibeba.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ofisi ilinituma Kilwa Masoko kushika kazi ya Mfaume, mlinzi wa uwanja, ambaye alikuwa ameanguka ghafla na kufa wiki mbili kabla. Kazi yenyewe haikuwa na ukubwa wowote: kukagua barabara ya changarawe ambayo ndege hutua, kufukuza mbuzi, kutundika mfuko wa upepo, kuandika kwenye daftari upepo unatoka wapi. Ndege ndogo zilikuja mara moja au mbili kwa wiki, na masika zilikaa hata wiki tatu bila kuja. Nililala katika chumba kimoja nyuma ya stoo ya uwanja. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mfupi, na dirisha lililotazama majani tu. Nilipika ugali wa muhogo na dagaa kwenye jiko la mkaa, nikala nimegeukia ukuta kwa sababu ya vumbi, nikaosha sahani moja na sufuria moja. Kuna siku nilifika jioni nikagundua kwamba neno pekee nililotamka tangu asubuhi lilikuwa "toka", nalo nilimwambia mbuzi. Sokoni nilikuwa na mgahawa nilimokunywa chai, na wacheza bao wa pale barazani walikuwa wakinizungumza nikiwa nimekaa hapo hapo, kana kwamba sielewi Kiswahili. "Ndiye huyo aliyekalia kiti cha Mfaume." "Mmwera huyo, katokea bara." "Na Mkristo." "Kimya kama mtungi." Nilikunywa chai yangu. Yote yalikuwa kweli.

Funguo za stoo zilikuwa nyumbani kwa marehemu, kwa hiyo siku ya tatu nikaenda kuzidai. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ukumbini alikaa bibi mmoja juu ya mkeka, anasuka ukili. Huyo alikuwa Bi Hadija, mama mzazi wa Mfaume, sikio lake moja limekufa na la pili linachagua cha kusikia. Mlango wa chumba cha upande wa kulia ulikuwa umefungwa pazia la maua mekundu. Nikapiga hodi, nikaamkia, na sauti ya mwanamke ikaitikia kutoka nyuma ya pazia. Mimi, kwa adabu za kwetu, nikajua mfiwa hushikwa mkono. Nikavua viatu, nikaliendea pazia nimenyoosha mkono wa pole. Bi Hadija akapiga sakafu kwa kiganja, pa. "Rudi hapo hapo, baba. Mwenzio yumo edani." Nikasimama na mkono wangu hewani. Sikujua eda ni kitu gani. Ilibidi nielezwe kama mtoto: mume akifa, mwanamke hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa, hawamwoni. Nyuma ya pazia nilisikia mtu anajizuia kucheka. "Pole yako imefika," sauti ilisema. "Rudisha mkono usije ukachoka."

Ndipo nilipoinua macho nikaiona. Ilining'inia kwa kamba kwenye boriti, ndege ya mbao nyepesi na karatasi ngumu, upana wa mabawa unazidi urefu wa mkono wangu mara mbili, imepakwa rangi ya maziwa na mstari wa buluu. Mfaume alikuwa baharia kabla ya kurudi nyumbani, na alishuka melini na boksi la vipande vyake, injini yake ndogo, na rimoti yenye vijiti viwili na antena ndefu. Aliiunga kwa mwaka mzima humo humo ukumbini. Lakini hakutaka ndege ya miguu iliyosimama tu. Alitaka inayokunja miguu tumboni ikishapaa na kuikunjua ikitaka kutua, kama zile kubwa. "Alikuwa akisema ndege isiyokunja miguu ni kishada," sauti ya nyuma ya pazia ilisema. "Basi miguu hiyo ndiyo imetutesa. Wa kulia mtiifu. Wa kushoto mkorofi. Ukiwa juu ya meza unashuka vizuri, ukirushwa hewani unashuka, unauona umeshuka, lakini ndege ikigusa chini tu unajikunja, ndege inatua kwa tumbo. Mara tisa. Funguo utapewa, mwanangu. Lakini umekuja kushika kazi ya Mfaume, na hii nayo ni kazi yake hajaimaliza. Unajua kushika bisibisi?" Nikasema najua. Kwa kweli nilijua kutengeneza baiskeli, basi.

Akanipa masharti. Nije alasiri, mlango wa mbele uwe wazi, Bi Hadija awepo, nikae ukumbini nifanye kazi nionekane na kila apitaye. "Watu wana midomo," alisema. "Kijana anayetengeneza kitu cha marehemu, hawana la kusema. Kazi ikiisha unaitundika ndege pale ilipokuwa, unaaga, hutarudi tena. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Siku hiyo sikuona ubaya wowote katika masharti hayo.

Nikawa nakwenda. Siku hadi siku ule ukumbi ukawa ndio nyumba yangu kuliko chumba cha stoo. Ulikuwa na harufu ya ukili mbichi na nazi, na mwanga uliingia kutoka mbele na kutoka uani, ukakutana katikati pale nilipokuwa nimetandika gunia langu. Nilifungua tumbo la ndege nikaona mambo yalivyo: kila mguu umeshikwa na komeo dogo la chuma lililofungwa kwa skrubu nne kwenye kipande cha mbao ndani ya bawa, na katikati kuna kimota kinachosukuma nyaya mbili, moja kwa kila mguu. Waya ukisukuma hadi mwisho, komeo hujifunga kwa mlio, tik. Miguu miwili, milio miwili. Huo ndio ulikuwa mtihani. Nilikuwa nabonyeza swichi ya rimoti, miguu inashuka, na kabla sijainama kutazama, sauti ya nyuma ya pazia inasema, "Umeshika mmoja." Alikuwa anasikia kuliko mimi ninayeona. Nikaweka grisi. "Umeshika mmoja." Nikanyoosha mguu kwa plaizi, nikasugua komeo kwa msasa, nikabadilisha betri za tochi zilizokuwa zinaendesha kimota. "Mmoja, Benedikti." Na mimi nilikuwa na tabia ya kupiga mluzi nikifikiri. Bi Hadija hakuupenda. "Nyumba haipigiwi mluzi, baba, unaita nyoka." Mkwewe akamjibu kutoka ndani, "Mwache mama, aite. Huenda nyoka akajua tatizo liko wapi."

Tulizungumza mengi kupita lile pazia. Nilimweleza habari za Milola, na niliporudi kutoka likizo fupi nikamletea ming'oko, vile viazi pori vya kwetu. Akala, nikasikia anamenya, akasema haina chumvi lakini ina subira. Aliniuliza kama mama yangu ananiandikia. Nikasema hajui kuandika. Akasema, "Basi mwandikie wewe, atasomewa." Niliandika kwa sababu aliniambia. Ramadhani ikaingia, migahawa ikafungwa mchana, nikaona haya hata kunywa maji mbele ya watu. Jua likizama Bi Hadija alikuwa ananisukumia sinia pale pale kwenye gunia: mihogo ya nazi, kunde, tambi, uji wa pilipili manga. Nilikula ukumbini, wao wanakula chumbani, pazia katikati, na nikisikia vijiko vyao nilijisikia nimekula na watu. Sijawahi kumwambia mtu jinsi nilivyokuwa nikiisubiri saa ile. Nilikuwa naanza kuisubiri tangu alfajiri.

Jioni moja ya mfungo huo aliniambia jambo ambalo mji mzima haukulijua. Nilikuwa nimesema kwamba marehemu lazima alikuwa na mikono mepesi, kuirusha ndege kama ile. Kisha akasema, "Mfaume hakuirusha hata siku moja. Macho yake ya mbali yalikwisha. Akitazama juu aliona ukungu." Ikabidi niweke bisibisi chini. "Wewe chumba chako kina mlango unaotazama uwanjani, sivyo? Nilikuwa nasimama pale kizingitini, ndani ya kivuli, nimevaa buibui langu, nimeshika rimoti. Yeye anasimama mbele, juani, anapunga mikono. Watu wanamshangilia yeye. Na mimi nilifurahi hivyo hivyo." Kisha akaendelea. "Alinipa nikajaribu siku moja kwa mchezo, ikawa mikono yangu inaijua. Sijui kwa nini. Siku ya kutoka eda nataka niirushe mara moja, itue kwa miguu yake, kama alivyokuwa anataka. Mafuta ya injini yamebaki nusu chupa. Ya safari moja tu. Halafu shemeji yangu Selemani atanichukua kwenda Lindi, nitakaa kwao, na huko sidhani kama kuna mtu atanipa kiwanja." Nilirudi chumbani kwangu siku ile nikasimama kwenye kile kizingiti. Kilikuwa kizingiti cha saruji kama vingine. Lakini nilisimama hapo muda mrefu.

Katika mwezi wa tatu wa eda nililigundua tatizo. Nilikuwa nimeomba niwe naichukua ndege na rimoti yake chumbani kwangu, niifanyie kazi asubuhi na kuirudisha alasiri. Nilikuwa nimeushika mguu wa kushoto kwa kidole, nausukuma kinyume kidogo, nikabonyeza swichi, nikauona waya wake unapinda. Ule wa kulia ulikuwa mfupi. Wa kushoto Mfaume aliurefusha ili ulikwepe tangi la mafuta, na urefu ule uliupa nafasi ya kujikunja katikati. Ulisukuma, ukapinda, haukufika mwisho. Mguu ulionekana umeshuka, kumbe komeo halijafunga. Nikaja na spoki ya baiskeli, ngumu zaidi, nikaipitisha ndani ya mrija wa kalamu niliougundisha kwenye mbao ili isipinde popote. Nikabonyeza. Tik, tik. Nikabonyeza tena. Tik, tik. Nilibonyeza labda mara ishirini, nikicheka peke yangu kama mwehu. Nikavaa shati safi nikimbilie kumwambia. Na nilipokuwa nafunga kifungo cha mwisho nikakumbuka: ikiisha unaitundika, unaaga, hutarudi tena.

Nikakaa kitandani na shati langu safi. Kulikuwa kumebaki wiki sita za eda. Nikahesabu alasiri zake, nikatazama ile meza, sahani ile moja. Halafu nikachukua bisibisi, nikachomoa spoki, nikarudisha waya wa zamani kando ya ule mrija. Naomba isidhaniwe kwamba nilipitiwa. Nilijua ninachofanya. Alasiri nikaenda, nikakaa kwenye gunia langu, nikabonyeza swichi. "Umeshika mmoja," alisema Bi Somoe. "Bado," nikasema. "Nitazidi kutafuta."

Wiki sita nilitafuta kitu nilichokuwa nimekificha chini ya godoro. Na kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi spoki isije ikanikatalia siku yenyewe, kila baada ya siku mbili tatu asubuhi nilikuwa nafungua komeo, natia spoki, nasikiliza milio miwili, nachomoa, narudisha waya mbovu, nafunga. Kufungua na kufunga, kufungua na kufunga. Mtu aliyewahi kutengeneza chochote kwa mbao laini anajua nilichokuwa nakifanya. Skrubu hula tundu lake. Mwanzoni ziliuma vizuri, mwishoni nilikuwa nazizungusha kwa vidole. Siku moja Bi Somoe alisikiliza mguu unashuka, akachelewa kusema neno lake, halafu akasema, "Skrubu zako zinalia siku hizi." Nikamwambia ni jua, mbao imekauka. "Labda," akasema. Akaniuliza kama nimekula.

Idi ikapita. Selemani, mdogo wa Mfaume, akaja kutoka Lindi siku moja kabla ya eda kwisha. Nilikuwa barazani nimekuta mlango umerudishwa, nikasikia mazungumzo yao. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. "Shemeji, vitu chukua vya maana. Nyumba yangu ndogo. Hayo madude ya marehemu, wape watoto wachezee." Bi Somoe akajibu taratibu, "Nikitoka eda nitarusha ndege. Ndipo nitapanda gari." Selemani alicheka, halafu kicheko kikamwishia. "Utarusha wewe?" "Mimi." "Mama, unamsikia?" Bi Hadija akasema, kwa lile sikio lake linalochagua, "Namsikia. Alikuwa anarusha yeye siku zote. Mnadhani mimi ni kipofu pia?" Niligeuka nikaondoka bila kubisha hodi. Usiku huo nilitoa spoki chini ya godoro, na asubuhi nikafungua komeo ili niitie kwa mara ya mwisho.

Skrubu mbili kati ya nne hazikuuma kabisa. Zilizunguka tu, hazishiki kitu. Nikachukua njiti za kiberiti, nikazitia gundi, nikazijaza kwenye matundu, nikarudishia skrubu. Gundi ile ilihitaji siku nzima kukauka, na zaidi kwa sababu ilikuwa ya zamani. Nilikuwa na saa nne. Nilikuwa pia na mdomo, ningeweza kwenda kusema, "Bi Somoe, subiri kesho, nimeharibu." Lakini gari la Selemani lilikuwa linaondoka jioni, na kusema nimeharibu ni kusema nimeharibuje. Nikanyamaza. Nilipeleka ndege ukumbini, nikabonyeza swichi, na mlio ukatoka, tik, tik. Nyuma ya pazia kulikuwa na wanawake wengi siku hiyo, wamekuja kumwogesha na kumfukiza udi. "Alhamdulillahi," alisema Bi Somoe. "Imeshika yote miwili." Sauti yake ilikuwa na machozi. Mimi nilikuwa natazama zile njiti.

Alikuja uwanjani alasiri na wanawake saba wanane, mabuibui meusi juu ya changarawe nyekundu, na Selemani nyuma yao ameshika saa yake. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wa Bi Somoe. Nilikuwa nimemtengenezea uso mwingine kwa miezi minne, uso mpana. Kumbe alikuwa mwembamba, ana kidoti kando ya jicho, mdogo kuliko sauti yake. Alinitazama akasema, "Kumbe ndiwe huyu." Nikasema, "Shikamoo." "Marahaba." Hatukuwa na zaidi. Nilijaza ile nusu chupa ya mafuta, nikawasha injini, nikaishika ndege mkia. Hakwenda kusimama kizingitini. Alisimama wazi, juani, pale alipokuwa anasimama Mfaume, akainua antena, akatikisa kichwa kuniambia niachie.

Ilipaa vizuri mno. Niliona miguu inakunjika yote kwa pamoja, ndege ikawa safi tumboni, na mmoja wa wale wanawake akasema "he" kwa sauti ndogo. Aliizungusha juu ya minazi, akaipeleka upande wa bahari, akairudisha. Mikono yake ilikuwa haionekani kuwa inafanya kitu. Wacheza bao walikuwa wamesimama kwenye uzio, na kwa mara ya kwanza sikuwasikia wakisema neno. Injini ilipoanza kukohoa akabonyeza swichi, miguu ikashuka, akaipitisha chini mbele yetu ili aione. Yote miwili imenyooka. Akaizungusha mara ya mwisho, akaileta. Gurudumu la kulia likagusa. La kushoto likagusa. Na ikakimbia, ndege ya Mfaume ilikimbia kwa miguu yake juu ya barabara ya Kilwa Masoko, na Bi Somoe akavuta pumzi kwa nguvu nikaisikia. Halafu mguu wa kushoto ukang'oka wote, na komeo lake na mbao yake, ndege ikalala upande, bawa likavunjika.

Nilimwendea nikiwa nimefungua mdomo. Nilikuwa nataka kulisema pale pale, mbele ya watu wote. Aliinua kiganja. "Usiseme neno," alisema. Nilidhani ni uchungu. Akashusha antena taratibu, pingili kwa pingili. "Tangu ilipogusa mpaka ilipoanguka. Kahesabu hatua." Nikaenda, nikaona mistari miwili ya magurudumu kwenye changarawe, nikahesabu kwa miguu yangu. "Kumi na moja," nikasema. "Kumi na moja," akarudia, kama mtu anayewekewa kitu mkononi. Selemani akasema gari linangoja. Aliniachia ndege iliyovunjika. Mguu ule wa kushoto, na vyote vilivyong'oka nao, aliuokota mwenyewe, akautia ndani ya buibui, akaondoka. Nilikaa Kilwa Masoko miezi mitano mingine, halafu ofisi ikanihamisha, kisha tena na tena, na kila nilipotandika kitanda kipya nilijua kwamba nilimwibia mjane ndege yake ili nipate mtu wa kuongea naye.

Alhamisi nikaenda Lindi. Kisomo kilipokwisha tukaletewa pilau, na wanawake wa mtaa waliponifahamu mimi ni nani walikuja mmoja mmoja kunitazama. Mmoja akaniuliza, "Ni kweli ilikimbia hatua ishirini na tano?" Mwanaidi, mama wa makamo mwenye sauti ile ile ya simu, akanieleza pembeni kwamba Bi Somoe alikuwa akiisimulia ndege yake kila Idi, na kila mwaka hatua zilikuwa zinaongezeka. Nikamgeukia yule mwanamke. "Ishirini na tano," nikasema. "Ni mimi niliyezihesabu."

Baadaye Mwanaidi alinipeleka ukumbini, akanipa kopo la maziwa ya unga. Ndani ulikuwamo mguu wa kushoto, na komeo lake, na spoki yangu ya baiskeli imeshika kutu, na kipande cha mbao chenye njiti za kiberiti ambazo gundi yake imekwisha kukauka. "Alisema ukija nikupe, na nikuambie alijua," alisema Mwanaidi. "Eti ulikuwa unapiga mluzi siku zote, siku moja ukaja huna mluzi tena. Akajua umelipata tatizo. Akawa anasikia skrubu zinavyolegea, kila siku zaidi." Nilishindwa kumtazama. Nikamuuliza kwa nini basi hakunisema, ilhali ndege ilikuwa yake, na mafuta yalikuwa ya safari moja. Mwanaidi akasema, "Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, ningemsema, angemaliza kazi akaaga."

Nimeliweka kopo mezani, hapa Milola, kando ya redio. Jana jioni nilitoa ule mguu, nikaufuta kutu, nikatia tone la mafuta ya cherehani, nikausukuma kwa kidole. Haukukataa. Ulishuka hadi mwisho, ukajifunga, tik. Nikangoja. Nilijikuta nangoja kabisa, nimeinamisha kichwa upande wa mlango. Halafu nikasema mwenyewe, kwa sauti, "Umeshika."